Faili la Bamia

Oud Metha, Dubai
Jumapili, 12 Januari 2025

Dada Joha,

Salamu kutoka mjini. Sheria ya Meza inasema kila barua ianze kwa kukumbusha sheria za Meza, ndiyo maana barua zetu zinafanana na mikataba. Basi nakumbusha. Sisi wa Meza ni watu kumi na wawili wa Afrika Mashariki tulioajiriwa kushughulikia wafanyakazi wa kampuni za wenyewe. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunakutana kwenye kafeteria hapa Oud Metha, tunaagiza chai karaki, ile nzito ya maziwa, na kufundishana kazi. Katikati ya mwezi kila mmoja anamwandikia mwenzake kesi moja, kwa mkono, kwenye karatasi. Simu hatutumii, kwa sababu mwenzetu Deus aliwahi kuweka kesi ya mlinzi mmoja kwenye kundi la WhatsApp, na binamu ya mlinzi alikuwa humo anasoma. Mwenye kesi hatajwi jina, anaitwa kwa jina la mboga. Na hakuna kuuliza mboga ni nani. Nimemaliza. Sahihi yako hapa, sahihi yangu pale.

Hii ni kesi yangu ya kumi na tano kwako. Ile ya kumi na nne bado inanichekesha, ya Boga aliyeomba ruhusa ya msiba wa bibi yake mara tatu kwa mwaka. Nilifungua faili lake nikiwa tayari nimekasirika, kumbe babu yake alikuwa na wake watatu na wote wamemfuata kaburini.

Mboga ya leo ni Bamia. Bamia anafanya kazi ofisini, katika hii kampuni yetu ya usafi. Unajua tumeuzwa. Wenye kampuni wapya wametuletea mkuu anaitwa Sir Biju, mtu mpole, na anaogopwa kwa sababu hapandishi sauti. Amesema hivi: ikifika Ijumaa tarehe 28 Februari, faili la kila mtu wa ofisini liwe na cheti chake cha masomo, kimegongwa mihuri yote. Asiye nacho anarudi saiti kushika mopu. Atakayekutwa na cheti cha kughushi, khalas, kazi imekwisha, visa inafutwa, na mambo yanapelekwa mbele.

Kazi ya kukusanya hivyo vyeti ni yangu. Watu wananikwepa kwenye korido kama wanadaiwa kodi. Jana Onesmus wa stoo aliniletea kadi ya ubatizo. Nikamwambia hiki si cheti cha shule. Akasema, lakini kina muhuri, na padri mwenyewe ni msomi.

Bamia aliletwa na ajenti wa Nairobi miaka saba iliyopita. Kidato cha nne alimaliza, zaidi ya hapo hakusoma. Siku ya kutia sahihi yule ajenti alimharakisha, akamwambia, "Usijali, madam, nimekutengenezea kitu." Bamia akaona neno moja juu ya fomu, Diploma, kisha ukurasa ukafunikwa. Hakuuliza. Ndege ilikuwa jioni ile ile na kanisa lilikuwa limeshamwombea. Mtu akishaombewa na kanisa zima, harudi nyumbani kwa sababu ya neno moja.

Tangu hapo kazi anaifanya vizuri, hajalalamikiwa. Lakini anajua kwamba ndani ya faili lake imelala diploma ya mtu asiyekuwepo. Swali langu ni hili: Bamia afanye nini?

Nijibu kwa gari la Alhamisi. Linus, dereva wenu, ananiambia siku hizi, anapoleta shuka za hoteli yenu kufuliwa huku, barua zetu anazipima kwa kiganja, na zile nzito ni za watu wanaofukuzwa. Hii sijui ataionaje.

Wako,
Mercyline Kwamboka


Hatta
Jumatano, 15 Januari 2025

Mdogo wangu Mercyline,

Sheria nimezikumbuka, sizirudii, mnishitaki Mezani. Huku milimani baridi imeingia hadi wageni wanaomba blanketi, na mie nimetoa sweta ambalo sikulivaa tangu nifike.

Bamia wako hana kesi ngumu. Ana kesi chungu, nayo ni kitu kingine. Nikupe kisa. Nilipoanza kazi hii kwetu Unguja, kwenye hoteli ya pwani, nilikuwa na kijana wa kuokoa watu bwawani. Cheti chake cha kuogelea kilikuwa cha kununua. Nilijua. Nikamstahi, ana mke, ana watoto, na filimbi alikuwa akiipiga vizuri sana. Siku mgeni alipozidiwa na maji, kijana akaruka, na wote wawili wakaja kutolewa na mtunza bustani. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini mie ndiye niliyeulizwa.

Tokea siku hiyo msimamo wangu ni mmoja. Cheti bandia hakina huruma. Bamia aambiwe aondoke mwenyewe kabla ya tarehe, akiwa na heshima yake. Na weye ukimficha, utazama naye, wala usitarajie mtunza bustani.

Sasa kesi yangu. Biringani yuko jikoni kwetu. Hajaenda kwao likizo mwaka wa nne huu. Kila mwaka anajaza fomu, na kila mwaka anakuja kuichukua, anasema kazi nyingi. Kazi si nyingi. Mwezi uliopita nilimkuta anang'arisha sufuria mpya. Nimemwuliza kwa nini haendi, nimemwuliza kwa upole, nimemwuliza kwa ukali, najibiwa "inshallah". Weye hukusomea kazi hii chuoni kama mie, ndiyo maana nakuuliza. Nimwambieje?

Dada yako,
Joha Haji


Oud Metha
Jumapili, 26 Januari 2025

Dada Joha,

Barua yako nimeipata. Ushauri kuhusu Bamia umeeleweka.

Kuhusu Biringani, usimwulize kwa nini haendi. Mwulize akifika uwanja wa ndege, nani atakuwa amesimama kumngoja.

Meza ya Februari sitaweza kufika. Tuna zoezi la kuhesabu mifagio.

Mercyline Kwamboka
Afisa wa Wafanyakazi


Hatta
Jumatatu, 3 Februari 2025

Mdogo wangu,

Jana kiti chako kilikuwa kitupu. Emiliana, mwenyekiti wetu, aliposoma udhuru wako kwamba mnahesabu mifagio, watu walicheka wakidhani ni mzaha wako wa kawaida. Mie sikucheka. Barua yako ilikuwa na mistari michache, na chini umeweka cheo. Mwaka wa pili huu tunaandikiana, hujawahi kuniwekea cheo. Linus aliponipa alisema, "Hii leo ni nyepesi kama risiti."

Swali lako nilimpelekea Biringani, neno kwa neno. Alikuwa anakata vitunguu. Akakata na vingine ambavyo hakuna aliyevihitaji. Halafu akasema, "Hakuna mtu. Alikuwa anakuja mama, na mama alizikwa nikiwa huku." Akarudi kwenye vitunguu vyake. Mie na shahada yangu ya Morogoro nilisimama pale kama mwiko.

Umenifundisha kitu. Ndivyo Meza inavyotakiwa iwe.

Bamia je, ameshaambiwa? Na weye u mzima?

Joha


Oud Metha
Jumapili, 16 Februari 2025

Dada Joha,

Mimi ni mzima. Mifagio ni mia nne na kumi, kama ulitaka kujua.

Bamia ameambiwa. Hakulia wala hakubisha. Ameandika barua ya kuacha kazi, na itakuwa mezani kwa Sir Biju Jumatatu ya tarehe 24, siku nne kabla ya ukaguzi. Amesema sababu ni za kifamilia. Nimeisoma barua yenyewe mara nyingi, haina kosa. Ni barua nzuri kuliko zote nilizowahi kupokea. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeiweka kama mfano.

Sufuria zake ameanza kuwagawia wenzake wa chumbani. Kwao atasema amechoshwa na joto. Watamwamini, joto la huku lina sifa mbaya na haliwezi kujitetea. Lakini vyeti vya wengine bado vinakusanywa kila siku, na kila mtu anayeleta chake anasema, "Asante kwa kutuvumilia." Sijui kama unaelewa jinsi neno hilo linavyoingia.

Sasa naomba kuvunja sheria kidogo, uniwie radhi. Nimemfikiria sana huyo Biringani. Miaka minne bila likizo, hana wa kumpokea, anajificha kwenye kazi. Nadhani Biringani ni wewe, Dada Joha. Kama ni wewe, usione haya. Mtu anaweza kukaa muda mrefu ndani ya mboga. Nina binamu anafanya kazi Zanzibar, anaweza kuja uwanjani akusimamie na bango lenye jina lako.

Mercyline


Hatta
Jumatano, 19 Februari 2025

Mercyline,

Barua hii Linus nimemwapisha akupe mkononi kesho, asimwachie mlinzi. Isome ukiwa umekaa.

Biringani ana masharubu. Ni mpishi, mwanaume mtu mzima, anaimba vibaya. Mie kila mwaka naenda kwetu, mama yangu ananipokea na kuniuliza kwa nini nimekonda. Lakini uliponiandikia kwamba Biringani ni mie, niliweka karatasi chini, nikatoka nje kutembea. Mtu hamdhanii mwenzake kajificha kwenye mboga, ila naye yumo.

Nikarudi, nikazitoa barua zako zote. Kesi kumi na nne za mwanzo, kila moja ina maneno haya: "Nilifungua faili." Weye ndiye uliyetufundisha Meza nzima kwamba kabla hujamhukumu mtu ufungue faili lake, hata kama umeshakasirika. Kesi ya Bamia haina maneno hayo. Umeniambia alichoona miaka saba nyuma, umeniambia alichoambiwa na ajenti. Cha kwenye faili hujaniambia. Afisa mwenye funguo za kabati anashindwa kufungua faili moja tu katika kampuni nzima, nalo ni lake mwenyewe, kwa sababu hilo hukaa kwa mkuu.

Mboga hatuulizani. Kwa hiyo sikuulizi. Nakwambia.

Yale niliyoandika juu ya kuzama nilimwandikia bamia. Ningejua namwandikia mtu ningeyasema vingine, na hiyo ni aibu yangu, maana kila mboga ni mtu. Nimekaa darasani miaka mitatu na hilo sikuambiwa.

Sasa sikiliza. Barua ya kuacha kazi usiipeleke. Peleka ombi la mstari mmoja: naomba kuliona faili langu, mbele yako. Ukiikuta hiyo diploma, sema ukweli papo hapo kabla hujaulizwa, na mie nitapanda gari la shuka na Linus, nitakuja kukaa na weye kwenye kiti cha pili. Nitasema nakufahamu. Usipoikuta, utakuwa umejifukuza kazi kwa neno moja uliloliona kwa mbali ukiwa unawahi ndege.

Unawafungulia watu mia mbili mafaili yao. Jifungulie na weye.

Dada yako,
Joha

Na hizo sufuria, waambie wenzako wazirudishe.


Oud Metha
Jumanne, 25 Februari 2025

Dada Joha,

Nilifungua faili.

Nimeandika hivyo kwanza ili upumue, kwa sababu mimi mwenyewe nimeanza kupumua jana saa nne asubuhi, na bado sijazoea.

Niliingia kwa Sir Biju na karatasi mbili. Mkono wa kulia ombi lako la mstari mmoja, mkono wa kushoto barua ya kuacha kazi, nimeikunja mara nane hadi imekuwa kama kipande cha mandazi. Nilikuwa nimepanga kwamba nikifika mlangoni nitajua ni mkono gani. Nilipofika mlangoni sikujua. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono wake, na kwa bahati alinyoosha upande wa kulia.

Akasoma. Hakuniuliza kwa nini. Akatoa funguo, akafungua droo ya chini, akaweka faili mezani na kuligeuza linitazame. Halafu akaendelea na kompyuta yake. Nafikiri ni adabu, au labda ni kazi.

Ukurasa wa kwanza una picha yangu. Dada, katika picha hiyo nimevaa koti. Koti jeusi la suti, mabega mapana kuliko mlango, na shingo yangu imechomekwa juu yake kama mshumaa kwenye keki. Mimi sijawahi kumiliki koti. Siku ile nilipigwa picha nikiwa na sweta ya shule ya mdogo wangu, na studio za kwetu, si unajua, mtu akija hajapendeza wanambandikia koti la kompyuta. Nikaliangalia lile koti, na sauti ya ajenti ikanirudia yote, na mkono wake ulipokuwa unaelekea. Alikuwa ameelekeza kwenye picha. "Usijali, madam, nimekutengenezea kitu." Alinitengenezea koti.

Nikafunua. Fomu ile ile. Na neno lile lile, Diploma, lipo. Limechapwa, ni la fomu, kila mtu analo, hata Onesmus analo. Mbele yake kuna mstari, na juu ya mstari ajenti ameandika kwa herufi kubwa kwamba hakuna. Chini yake ameandika kidato cha nne, na alama yangu halisi, ambayo ingekuwa ya kughushi nina hakika angeniongezea.

Lile neno hakuna nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea, Dada. Naomba uniwie radhi kwa kuandika ovyo. Kulikuwa na ukurasa mwingine.

Nyuma ya cheti changu kuna mihuri. Yote. Madam Lizy, mkuu wa zamani aliyestaafu, alikipeleka mwenyewe mwaka ule aliponitoa saiti. Nakumbuka alinipa karatasi nitie sahihi, nikadhani ni ya bima. Na amebandika kijikaratasi kwa mwandiko wake, kinasema hivi: "Huyu dada wa usafi amepanga zamu za bweni zima, akaziandika nyuma ya boksi la sabuni, na hakuna aliyegombana. Asirudishwe saiti. Mpeni dawati." Miaka yote hii nimedhani nilipewa dawati kwa sababu ya karatasi ya uongo. Kumbe ni kwa sababu ya boksi la sabuni.

Sir Biju aliinua macho kutoka kwenye kompyuta. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mercyline, mafaili ya ofisi hii nimeyapitia yote thelathini na moja. Hili ndilo pekee lililokamilika. Nilidhani unajua."

Nikasema, "Ndiyo, sir, nilikuwa nahakikisha."

Akauliza nina nini mkono wa kushoto. Nikasema ni takataka, sir, naenda kutupa. Na nilienda kutupa.

Nilipokuwa natoka akaniita tena. Akasema picha ni ya zamani, nilete mpya, hii niichukue. Basi leo mchana nimekwenda kwenye ile studio jirani na zahanati. Mpiga picha akanikalisha, akaniangalia, akasema, "Koti, madam? Bure." Nikamwambia hapana, piga hivi hivi nilivyo.

Mchana huo huo nilimwita Onesmus, nikamkalisha, tukafungua faili lake pamoja. Cheti chake cha ufundi kilikuwemo muda wote. Kilikuwa kimejibana nyuma ya fomu ya sare. Amefurahi, lakini ameniomba kadi ya ubatizo ibaki humo humo, kwa usalama.

Jumapili naja Mezani. Nataka kupendekeza sheria mpya, kwamba kila mmoja wetu akaombe kuliona faili lake mwenyewe kabla hajagusa la mwingine. Najua Emiliana atasema sheria zimekuwa nyingi na barua zitarefuka. Nitavumilia.

Sufuria zimerudi, ila moja. Niliyempa anasema ameshaizoea.

Mdogo wako,
Mercyline


Hatta
Alhamisi, 27 Februari 2025

Mdogo wangu,

Linus aliipima barua yako, akaniangalia kwa huruma, akasema huyu leo amefukuzwa yeye na ukoo mzima. Nilimsomea ile sehemu ya koti tu, bila jina. Amelegea juu ya shuka, na hadi sasa anaondoka anacheka.

Biringani anasafiri tarehe kumi. Dada yake wa mwisho, ambaye Biringani alidhani angali mtoto, ndiye atakayempokea. Mwenyewe amenyoa masharubu ili dada amtambue. Nimemwambia itakuwa kinyume chake, hakunisikia.

Mezani usichelewe. Huenda Ramadhani itakuwa imeingia, kwa hiyo tutaanza baada ya futari, na sambusa nitaleta mie. Sheria yako nimeshaitii. Jana niliomba faili langu, nikakuta nimeandikwa mkubwa kuliko umri wangu kwa miaka sita. Miaka yote hii wanaponisalimia kwa heshima nilidhani ni kwa sababu ya shahada. Hilo nalileta kama kesi, na mboga yake ni Mchicha, na nitamshukuru atakayejifanya hajui ni nani.

Ile picha ya zamani usiitupe. Njoo nayo. Nimemwambia Emiliana kwamba kesi ya Bamia imekwisha vizuri, na Meza nzima inataka kumwona alivyovaa koti.

Joha